Viungo vya Klementina Kabula Shija (1969–2025)

Klementina Kabula Shija, ambaye leo tunamsindikiza hapa Nkololo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 kijijini Ngulyati, wakati huo Mkoa wa Shinyanga. Alikuwa mtoto wa tatu wa Paschal Shija na Mektilda Milembe, wakulima wa pamba.

Alisoma Shule ya Msingi Ngulyati kuanzia 1977 hadi 1983, kisha sekondari mjini Shinyanga. Mwaka 1989 alipata cheti cha upishi Mwanza. Huko ndiko alikoonja kwa mara ya kwanza nyama iliyopakwa viungo kabla ya kuchomwa, akarudi nyumbani maneno hayamwishi mdomoni.

Mwaka 1990 alianza kuchoma nyama karibu na stendi ya Bariadi. Viungo alitengeneza mwenyewe: alikaanga giligilani na bizari nyembamba mpaka zitoe harufu, akatwanga pamoja na pilipili manga, tangawizi kavu na vitunguu saumu vilivyoanikwa, akatia chumvi. Nyama aliipaka asubuhi, ikachomwa jioni. Kinu kikilia, jirani wote walijua. Wateja waligombania mbavu: "Wewe ulikula jana, sogea!" Furaha ile hakuwahi kuizoea. Kila sinia lilipotoka alisimama pembeni akitazama midomo ya walaji.

Tarehe 12 Septemba 1992 alifunga ndoa na Joakim Maganga. Siku ya kwanza kumpikia baba mkwe, Mzee Maganga, alichoma mbuzi kwa viungo vyote alivyovijua. Mzee alinusa, akasukuma sinia.

"Mkamwana, mbuzi huyu tulimchinja, au mlimkuta amekufa?"

Katika boma lile la wafugaji, nyama ilitiwa chumvi tu. Kwao, viungo vilikuwa vya kuficha uvundo. Watu walicheka. Bibi harusi alilia jikoni. Tangu hapo alimtengea mzee nyama ya chumvi, bila kinyongo, ila kila mara alijaribu: "Baba, kipande kidogo tu?"

"Walishe watu wa mjini."

Bariadi nzima ilimsifu, naye alitamani sifa ya mdomo mmoja.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Bariadi na Mwanza. Pasaka hii, siku ya ubatizo wa mjukuu wake, hakuweza tena kuinua mchi. Hapo Mzee Maganga, mwenye miaka themanini na sita, alivuta kigoda akaukamata yeye. Wanawake walishika vinywa: baba mkwe anatwanga! Alipiga chafya hadi kofia ikaanguka.

"Mkamwana, hivi ndivyo unavyowalisha watu?"

"Ndiyo, Baba. Twanga, usipumzike!"

Kila kilichoingia kinuni alikiona kwa macho yake, wala hapakuwa na cha kuficha. Jioni, nyama ilipotoka, alichukua ubavu bila kuombwa. Klementina aliomba aketishwe. Mzee alitafuna polepole. Akalamba kidole.

"Kuna nyingine?"

Marehemu alipiga kigelegele mpaka tukaihofia pumzi yake.

Alifariki nyumbani tarehe 6 Mei 2025, akiwa na miaka hamsini na mitano. Ameacha mume wake, Joakim. Baba mkwe, Mzee Maganga. Watoto watatu, Apolonia, Josia na Januarius. Na mjukuu, Elina.

Wengi huzikwa na walichokingoja. Yeye tulimwona akikipata. Mungu ampe pumziko jema.