Pini ya Mtambo wa Mtoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa kamati yetu ya umeme, Dada muuguzi wa zahanati, wazee wenzangu, akina mama, vijana, na wewe mke wangu uliyekaa mstari wa mbele ukinikazia macho: nawasalimu nyote kwa heshima, ingawa yangu mwenyewe leo sina uhakika nayo.

Mmenisifu tangu asubuhi. Mmesema mtambo wa maji pale mtoni, tuliojenga kwa mikono yetu baada ya kusubiri nguzo za serikali hadi tukaota mvi, umezunguka miaka kumi na minne kwa sababu yangu. Mmesema nikisafiri umeme ulizimika, nikirudi ukawaka. Je, kuna aliyemweleza mgeni wetu kwa nini?

Ndugu zangu, sababu ni hii hapa mkononi. Pini ya chuma, ndogo kuliko kidole changu, inayoshikanisha gurudumu la maji na jenereta. Kila nilipofunga safari niliichomoa, nikaitia mfukoni. Mimi niliyewahubiria kujitegemea kwenye kila mkutano! Niliogopa kwamba mkijua kuuendesha nitabaki mzee tu wa kungoja chai. Nikirudi nilijifungia kibandani nusu saa, nikigongagonga bomba kwa nyundo, kisha nikatoka nimejinyunyizia maji usoni kama jasho. Mlinipigia vigelegele, nami nikavipokea.

Safari moja, pini ikiwa mfukoni mwangu, chanjo ziliharibika kwenye jokofu la zahanati. Akina mama walirudi nyumbani na watoto migongoni, mkwe wangu akiwa miongoni mwao. Nikasema ni radi. Mkanipa pole, mimi!

Mwezi uliopita nililazwa siku tisa hospitali ya mjini, pini nikiwa nayo. Mama Sindano, fundi cherehani wetu, akaja kunijulia hali. Nikamuuliza kwa sauti ya mtu mkubwa, "Mnaishije gizani, mwanangu?"

"Giza gani, baba? Mashine inasaga, taa zinawaka."

"Bila mimi?"

Akainamisha kichwa. "Nilipima lile tundu la pini linalobaki wazi ukisafiri kwa utepe wangu, fundi baiskeli akatuchongea nyingine kwa tupa. Mwaka wa tatu huu."

"Mbona nikirudi naukuta mtambo umezimwa?"

"Tukisikia umeshuka kwenye gari, tunachomoa yetu. Tungekuvunjiaje heshima, baba?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe kijiji kizima mlikuwa mnajizimia umeme, mkivumilia hadi nimalize kugonga bomba, ili mzee mmoja asiumbuke! Wewe kinyozi, nakumbuka siku niliyokukuta na mteja aliyenyolewa upande mmoja, ukaniambia ndiyo mtindo mpya. Nilicheka pale kitandani, kisha nikageukia ukutani nikalia.

Mheshimiwa, cheti ulichoniandalia naomba akabidhiwe Mama Sindano. Na pini hii, mwanangu, njoo uichukue mbele ya watu. Iwekeni akiba, maana yenu ndiyo inayofanya kazi. Wiki ijayo nakwenda kumtembelea binti yangu. Nawaombeni, nikishuka kwenye gari siku ya kurudi, asiwepo wa kukimbilia mtoni. Acheni nikute taa zinawaka.

Asanteni kwa kunisikiliza leo, na asanteni zaidi kwa kuninyamazia miaka yote ile.