Mama Bado na Watu Wanaofumba Macho

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mkaguzi wetu mkuu wa programu anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Humu ndani sote tunamwita Mama Bado, na yeye mwenyewe huitikia. Kila meneja alipochungulia mlangoni kuuliza kama toleo jipya limeiva, alijibiwa neno hilo hilo moja, tena bila yeye kuinua uso.

Aliajiriwa wakati programu yetu ya kuhariri picha, filamu na muziki wa nyumbani ingali ikiuzwa kwenye boksi lenye CD. Wengine tulidhani kukagua ni kubonyeza vitufe kwa adabu. Wapi! Yeye alibonyeza kwa kiwiko, akabonyeza kwa viganja viwili, akachomoa waya wa umeme katikati ya kazi, eti nyumbani kwa mteja kuna watoto na hakuna wa kuwashika. Siku moja alichomoa waya usio wake, ripoti ya meneja ikaenda na maji. Aliomba radhi, kisha akasema hata hiyo programu ya ripoti ina kasoro.

Ndiye aliyegundua kwamba ukiikata vibaya filamu ya harusi, muziki unakimbia na bibi harusi anaingia ukumbini kama anayefukuzwa. Picha za mfano tulizopewa na kampuni, zile za watu wasiotoa jasho, alizikataa katakata akaleta za nyumbani kwake. Ndiyo maana upara wa shemeji yetu, mumewe, tuliujua kabla hatujamjua shemeji mwenyewe: kitufe cha kupunguza mng'ao tulikijaribia hapo miezi mizima.

Lakini linalotufanya tutembee kifua mbele ni lile la kitufe cha "Nitengenezee Filamu". Unaiachia programu picha za mwaka mzima, yenyewe inachagua zilizo nzuri, inazipanga na kuziwekea muziki. Matangazo yalikuwa yameshatoka, maboksi yameshachapishwa. Mama Bado akaipa picha za familia yake, maana mama mkwe wake alikuwa anakaribia kutimiza miaka themanini na alitaka filamu ya kuonyesha siku hiyo. Filamu ikatoka, tamu kweli, tukapiga makofi. Yeye hakupiga. Aliuliza mama yuko wapi.

Hakuwemo. Wajukuu wamo, majirani wamo, hata paka yumo, mwenye siku yake hayumo! Bibi yule alikuwa akifumba macho kila flashi inapowaka, na kucheka mbele ya kamera hakujawahi kumtokea. Programu ikaziona picha zake zote kuwa mbovu, ikazitupa kimya kimya. Vijana walioiunda wakasema hilo si neno, mtu anaweza kumrudisha kwa mkono. Mama Bado akawauliza atamrudishaje wakati hajui kwamba ametolewa. Hakuipitisha.

Meneja akawa mbogo. Mbele yetu sote alimwambia kwamba kama hadi Jumatatu hajaipitisha, kiti chake kitapata mkaguzi mwingine. Si mchezo: wakati huo shemeji hakuwa na kazi na nyumba nzima ilimtegemea yeye. Tulimsihi apitishe yaishe. Aliogopa, hilo tuliliona wazi. Lakini kupitisha, hapana.

Jumatatu asubuhi alimwomba meneja jambo moja tu, aijaribu kwa picha za nyumbani kwake mwenyewe. Meneja akaziweka haraka haraka ili amalize ubishi. Filamu ikapita mbele yetu: mkewe, watoto wa kiume, safari, keki. Binti yake wa mwisho, anayevaa miwani minene inayorudisha mwanga wa flashi, hakuonekana hata mara moja. Meneja aliitazama mpaka mwisho, akairudia. Kisha akatoka nje, tukamsikia akiwaambia watu wa matangazo wasubiri.

Toleo lilichelewa, hasara tukaimeza. Tangu hapo programu yetu haimalizi filamu kabla ya kukuonyesha sura za wote walioachwa na kukuuliza kama kweli unataka waachwe.

Siku ya sherehe mama mkwe alijiona kwenye skrini, picha baada ya picha macho yamefumbwa, akauliza kwani mwaka mzima alikuwa analala? Watu wakavunjika mbavu. Akataka irudiwe. Alifariki mwaka uliofuata, na wajukuu waliozaliwa baadaye wamemjua bibi yao kwa filamu hiyo.

Mama, kuna nyumba nyingi ambamo hutafika, na katika kila moja yumo mtu anayeonekana kwenye filamu ya familia kwa sababu wewe ulikataa. Tunajivunia kusema tulikaa ofisi moja na wewe. Mungu akupe umri mrefu, afya njema na furaha tele katikati ya wanao. Kwa niaba ya wote waliofumba macho, waliogeuka pembeni na waliovaa miwani, asante sana.