Mwalimu Aliyekufa Angani

Asubuhi ile ya Januari themanini na sita benchi letu, pale juu ya mwalo wa wavuvi wa Mwigobero mjini Musoma, halikutulia. Kahawa ilikuwa chungu kuliko kawaida, maana sukari haikuonekana dukani tangu kabla ya Krismasi. Rafaeli, tuliyemwita Idhaa kwa kuwa redio haimtoki begani, alikuja na habari. Wambura, mvuvi, alisikiliza huku mguu wake ukicheza. Binti yake Pelagia alikuwa amechaguliwa sekondari ya wasichana, mchepuo wa sayansi, na basi lilikuwa la siku hiyohiyo.

— Roketi ya Wamarekani imelipuka jana, alisema Idhaa. Wamekufa wote. Hata mwalimu alikuwemo.

— Mwalimu? Wambura akaacha kikombe. Wa Butiama?

— Hapana, bwana. Mwalimu wa shule tu, mama wa watoto. Alikuwa aende kufundisha wanafunzi toka hukohuko juu.

Stanislausi, fundi saa, jina la benchi Mshale, alitikisa kichwa.

— Dizeli imewaishia hiyo. Kivuko cha Kisorya si kinakwamaga katikati ya maji? Sasa wao wamekwamia hewani.

— Kingekwama kingeanguka, Mshale. Hiki kimewaka.

— Basi kimegonga mbingu. Mbingu ina ngozi kama ngoma. Wanaitoboagatoboaga, ndiyo maana mvua zimekataa Bunda yote. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Wao wakainuka.

— Na wale waliotembea mwezini? nikauliza.

— Walipitia tundu. Sasa limezibwa.

Tulicheka, isipokuwa Wambura.

— Pelagia anakaaga nje anaangalia nyota mpaka ugali unapoa, alisema. Anasema atasoma mambo hayohayo. Nimemwambia asubuhi hii afungue sanduku, atoe nguo. Haendi.

— Umesikia wapi asubuhi, kabla yangu? Idhaa aliuliza, kama ameibiwa.

— Redio ya jirani. Walisema mwanamke ameungua angani. Sikungoja mengine.

— Umefanya vizuri, alisema Mshale. Mchelea mwana hulia mwenyewe.

Mimi niliijua methali hiyo inakokwenda: ilimsema Wambura mwenyewe.

Ndipo akaja mke wa Wambura, Petronila, sanduku la bati kichwani, Pelagia nyuma yake na macho mekundu. Wanawake hawakuwaga na desturi ya kusimama pale. Tukasogeza vikombe bila sababu.

— Baba Pelagia, alisema taratibu, mdogo wako Ngolo alipozama, tulipomaliza tu kuzika, wewe ulikwenda wapi?

Wambura aliangalia ziwa. Sote tulijua. Alikwenda kuvua, kwa mtumbwi uleule aliozama nao Ngolo, na nusu ya benchi tulikuwa naye. Idhaa alizima redio.

Wambura akainuka, akamtua mkewe lile sanduku, akajitwika mwenyewe.

— Twendeni, basi lisituache.

Walipoanza kupanda kwenda stendi, Pelagia alimshika baba yake mkono.

— Baba, watakwenda tena?

— Kina nani?

— Wale wa angani.

Aliliweka sanduku sawa kichwani.

— Sijui, mwanangu. Kaulize huko uendako, ukijua uniambie.