Miradi Midogo na Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Bwana Mirumbe; Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Masese, walimu wapendwa, wazazi mliofika kutoka Ntimaru hapa karibu na kutoka mbali kama Macalder, wanafunzi wenzangu: hamjambo?

Jina langu ni Nyanchoka, wa Kidato cha Tatu. Nimetumwa na chama chetu cha kompyuta kumuaga Mwalimu Bochaberi, anayehamia Homa Bay. Nimetumwa pia kuomba jambo moja, nalo nitalifikia.

Nilipojiunga na chama, chumba cha kompyuta kilifunguliwa Jumamosi pekee. Mimi ni Msabato. Nilimwendea Mwalimu nikamwambia, "Mwalimu, nadhani kompyuta si zangu." Akaniuliza, "Jumapili baada ya chakula unafanya nini?" Nikasema nafua. Akasema, "Basi fua haraka."

Hivyo nikapata dakika arobaini kila Jumapili. Mtu atajenga tovuti gani kwa dakika arobaini? Mwalimu alitufundisha kwamba kila mradi uwe mdogo kiasi cha kumalizika kabla ya kengele. Wa kwanza ulikuwa ukurasa wenye jina langu na jina la kijiji chetu, basi. Wa pili, kuweka picha. Wa tatu, kitufe kinachohesabu mara ngapi kimebonyezwa. Wenzetu wa darasa la jirani walitucheka: "Mnasoma kubonyeza?" Tulikuwa tunasoma kubonyeza, ndiyo. Kisha tukasoma kutengeneza orodha, na orodha ile ikawa ukurasa unaoonyesha nani ameazima kitabu gani maktabani. Waliotucheka ndio wanaoutazama zaidi.

Ukurasa huo niliujenga pamoja na Caren, ambaye ni Mkatoliki na alikuwa akija Jumamosi. Kwa muhula mzima hatukuwahi kukaa pamoja mbele ya mashine moja. Lakini ndani ya msimbo, yaani yale maagizo tunayoiandikia kompyuta, kuna mahali pa kuandika maneno ambayo kompyuta huyaruka. Ni binadamu tu anayeyasoma. Huko ndiko tulikoongea. Jumapili moja nilikuta Caren ameandika: "Nyanchoka, nimeomba rozari nzima na kitufe bado hakibonyezeki. Jaribuni ninyi Wasabato." Nikamjibu: "Hukufunga mabano. Mungu alikusikia, ni kompyuta ambayo haikusikia."

Maonyesho ya miradi ya kompyuta ya shule, kule Homa Bay, yalifanyika Jumamosi, kwa hiyo mimi sikwenda. Caren, ambaye hata kujibu 'nipo' darasani humtoa jasho, alisimama peke yake mbele ya waamuzi, akafungua ukurasa wetu, na mahali pa picha ya maktaba palikuwa na kisanduku kitupu. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeuelekeza ukurasa uichukue picha ndani ya kompyuta namba nne, na kompyuta namba nne ilikuwa imebaki hapa shuleni.

Mwamuzi akauliza, "Binti, picha iko wapi?" Caren aliketi, akafungua msimbo, akatafuta ile picha katika simu ya Mwalimu aliyemsindikiza, akaiweka pamoja na ukurasa, akarekebisha mstari mmoja. Picha ikatokea. Mwamuzi akauliza nani amemfundisha kurekebisha upesi hivyo. Caren akasema, "Ni mradi wa pili tu, sir."

Tulikuwa wa nne. Jumapili nilikuta ujumbe: "Nyanchoka nyaminwa, dada yangu, namba nne ni mchoyo. Usimwachie tena picha."

Mwalimu Bochaberi, hukutuahidi kwamba tutakuwa watu wakubwa. Ulitupa kitu kidogo, ukangoja tukimalize, ukatupa kingine. Je, kuna heshima kubwa zaidi ambayo mwalimu anaweza kumpa msichana kuliko kumngoja?

Bwana Mwenyekiti, sasa ombi. Tumesikia kwamba Mwalimu akiondoka, chumba kitafungwa hadi apatikane mwingine. Tunaelewa kwamba mashine ni ghali na wasichana wana mikono isiyotulia. Lakini miradi yote tumeiandika hatua kwa hatua katika daftari, na wasichana kumi na wanne wa Gredi ya Kumi wamekwisha kujiandikisha. Mwalimu wa maktaba, Bi. Marcella, amekubali kutunza ufunguo na kukaa nasi. Kinachokosekana ni neno lako. Ukikataa, wale kumi na wanne hawatafika hata kwenye mradi wa kwanza, ule wa kuandika majina yao.

Leo ni Ijumaa. Kesho ni zamu ya Caren kuwafundisha, keshokutwa ni yangu. Jua likitua nitakuwa nimeingia Sabato, wala sitaweza kukufuata ofisini kuuliza habari za ufunguo. Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba jibu kabla ya hapo.

Mwalimu, nenda salama. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Jua bado liko juu.