Robert wa Kwenye Karatasi: Risala ya Darasa la Mtihani kwa Bwana Muhiddin Mkadam

Mgeni rasmi, Bwana Muhiddin Mkadam, na mwalimu wetu Bi Shemsa, shikamooni.

MAKARIBISHO

Tunakukaribisha kwa furaha na kwa hofu kidogo. Wageni rasmi wa skuli hii huketishwa uwanjani chini ya turubali, na wewe tumekuweka kwenye kiti cha mwalimu na mlango tumeufunga. Hatukukuita tukutahayarishe. Humu tumo sisi wanafunzi wanane na Bi Shemsa, na yatakayosemwa yatabaki humu. Sababu ya kukualika unaijua, nasi tunajua kuwa unaijua. Binti yako Mwanakheir ndiye mwenzetu wa tisa, umemtoa skuli, na mtihani ni Jumatatu.

HISTORIA YA DARASA

Karatasi ya Kiingereza inatoka Ulaya, na hakuna anayejua itataka maandishi ya namna gani. Kwa hivyo tangu mwaka jana, hamsini na tano, Bi Shemsa anatuzoeza kila namna. Tumeomba kazi tusizozitaka. Tumeliandikia gazeti habari za moto ambao haukuunguza hata kibanda. Mwanapili alimlalamikia jirani kuhusu mbuzi anayekula nguo kambani, akaandika kwa uchungu hata akatoka darasani amemkasirikia mbuzi asiyekuwapo.

Sharti la Bi Shemsa ni moja. "Mambo ya mtihani ni ya kubuni," hutwambia, "lakini yajengeni juu ya kitu mnachokijua. Ukikitaja kisima, kiwe kile unachoteka maji."

Sote tulilisikia sharti hilo, ila Mwanakheir alilishika kama amana. Alipotakiwa kueleza soko, alikwenda na mamaake Darajani, akasimama mbele ya wauza ndizi mpaka wakamuuliza amepotelewa na nini. Sisi tulimcheka. Yeye alirudi, akaandika, na maandishi yake yalikuwa yananukia soko.

MAFANIKIO

Mwezi uliopita tulipewa swali la mtihani wa zamani: rafiki wa ng'ambo aitwaye Robert atashuka melini alasiri, haujui mji, mwandikie umwelekeze nyumbani kwenu. Jina hilo hatukulichagua sisi. Limepigwa chapa kwenye swali.

Tuliandika sote tisa. Tabia alimpitisha Robert Mkunazini. Khamisa, anayekaa dakhalia, bweni la skuli, alimpakia gari la shamba mpaka Uroa, kalikalia tenga la samaki. Ikiwa Robert yupo, basi maskini huyo ana nyumba tisa za kulala na tumbo lake litapata tabu kwa vyakula alivyoahidiwa.

Mwanakheir alimwelekeza Kiponda, nyumbani kwako. Akamwandikia kuwa atafika karibu na Magharibi, asipite mbele penye baraza ya wazee, azunguke uchochoroni, abishe mlango wa nyuma, naye atamfungulia. Bi Shemsa aliisifu barua ile kuliko zetu zote, kwa sababu mtu angeweza kuishika mkononi akafika.

MATATIZO

Mgeni rasmi, tatizo letu ni kwamba mtu alifika nayo kweli. Mpwa wako Usi, aliyesoma Kiingereza, aliiona juu ya meza, akakuletea barazani akakusomea kwa Kiswahili.

"Mjomba," alisema, "huyu mwanamme anaitwa kwa mlango wa nyuma."

Hatumlaumu Usi. Maneno yalikuwamo. Lakini hakukwambia kuwa juu yake liliandikwa swali. Na wewe, kwa ghadhabu, hukukumbuka kuwa wiki ilipoandikwa barua mlango mkubwa ulikuwa unapakwa mafuta kwa ajili ya Idi, na ni wewe uliyetoa amri kila mtu apite nyuma, hata kadhi alipokuja kukuona. Mwanakheir aliandika amri yako. Hakutia la kwake.

Aliyasikia yote, alikuwa juu. Ametwambia kuwa alishuka ngazi mpaka nusu, akasita. Barazani mlikuwa na wageni, na wewe ndiye uliyemfunza tangu mdogo asishuke mbele ya wageni. Akakaa pale kwenye ngazi, anasikia anavunjiwa heshima, na mguu haukwenda. Wewe ulikichukua kimya chake kuwa ni kukiri. Mgeni rasmi, ilikuwa ni adabu yako mwenyewe.

Jambo hili limetuuma sana. Kisha tukajua kuwa maneno yameshaanza kupita, na kwamba hata ukimwamini leo, utauliza kesho utaupeleka wapi uso wako. Kwa hivyo Ijumaa iliyopita kila mmoja wetu alichukua barua yake kwa Robert, akamsomea babaake kwa Kiswahili, neno kwa neno. Haikuwa rahisi. Babaake Tabia alicheka mpaka akakohoa. Babaake Mwanapili hakucheka hata kidogo, na mpaka leo anajibu salamu yake kwa shingo upande. Babaake Khamisa, kule Uroa, alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Huyo Robati pweza anakula?"

Sasa nyumba tisa zimemwalika Robert. Atakayetaka kumsema binti yako atatusema na sisi, na wazee wetu wote wameshasikia kwa masikio yao.

MAOMBI

Desturi ya risala ni kuomba mambo mengi. Tungeweza kukwambia juu ya dirisha lisilofunga na ramani iliyoliwa na mchwa. Hayo tutamwomba mgeni mwengine.

Hatukuombi utuamini sisi, wala hatukuombi utoe jibu kuhusu mtihani wa Jumatatu mbele yetu. Siku ile ulimsikia Usi, na leo umetusikia sisi. Mwanakheir hujamsikia. Tangu ilipoanza habari hii hakuna aliyemuuliza, naye hawezi kuanza kusema kabla ya babaake.

Yumo chumba cha pili, nyuma ya pazia, kaja na Bi Kidawa mamaake. Usimkasirikie Bi Kidawa, sisi ndio tuliomwomba. Barua ameishika mkononi, na swali lake liko juu, lote. Atakusomea mwenyewe kwa Kiswahili, na palipo na amri yako atakuonesha.

Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, aibariki nyumba yako na milango yake yote miwili. Sisi tunakaa. Hapana mgeni humu wa kumzuia asishuke, na pazia ndilo hilo, Bwana Muhiddin. Mwite.

Ni sisi, wanafunzi tisa wa darasa la mtihani.