Kichwa Mapajani

Mama Kitana, aliyesuka vichwa vya watu tangu usichana wake hadi vidole vilipomgomea, alikaa kwenye treni karibu na binti aliyekuwa akijipiga picha za utosi kwa simu. Akashindwa kujizuia. "Mwanangu, unatafuta chawa?"

Binti akacheka. "Hapana, mama. Simu inapima ngozi ya kichwa, halafu inasema nipake mafuta gani na nisuke mtindo gani. Ndiyo tunayotumia saluni kwetu siku hizi."

"Hebu nipime na mimi."

Akavua kilemba mbele ya behewa zima, akaanika kichwa ambacho hata wakwe zake hawajawahi kukiona. Simu ikatafakari. Binti akashusha sauti, akamwambia nywele za mbele zimekatika kwa kusukwa kwa kubana mno.

"Haijakosea," Mama Kitana akasema. "Ni mama yangu huyo. Alinikalisha mkekani, akanibana katikati ya magoti, nikilia ananiimbia, mpaka nasinzia mapajani pake. Nami nikawabana watoto wa watu vivyo hivyo."

"Kwetu hakuna anayelia, mama. Kila mteja anasikiliza muziki wake masikioni."

"Na akisinzia, anamlalia nani?"

"Kuna viti vya kuegemea."

"Viti!"

Treni ikasimama. Binti akashuka, akageuka dirishani. "Njoo saluni, mama, ujionee mwenyewe!"

"Nitakuja," Mama Kitana akamjibu, mkono ukiwa bado utosini. "Lakini nakuja na mkeka wangu."