Nilichomwa Sindano kwa Jina la Wifi Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na nyinyi wa nyuma pia, nawaona mmejikunyata kwa baridi hii ya Molo. Mimi ni Rahel, mke wa Yohana mkamuaji wa ng'ombe. Nimesimama kutubu na kushukuru.

Mvua zilizopita nilishikwa na kichomi. Nilikohoa mpaka nikashindwa kubeba maji. Mwaka mmoja nyuma wifi yangu Tabitha aliugua vivyo hivyo. Dresa wa wakati ule, mtoa dawa wa zahanati ya shamba, akamchoma penisilini, na wiki haikwisha akawa anachuma maua ya pareto. Nami nikaitamani ile sindano. Vidonge niliviona ni vya watoto.

Lakini ndugu zangu, kuna jambo nililificha. Kabla sijaolewa nilichomwa sindano hiyo hiyo kule Olenguruone, nikavimba midomo, mwili ukajaa vipele. Daktari akaandika kwenye cheti changu kwa wino mwekundu, nisichomwe tena. Cheti hicho nikakiacha chini ya godoro, nikamweleza Tabitha sababu, nikamsihi anipe chake. Nilijiona mjanja sana.

Dresa mpya, asiyetujua kwa sura, akakisoma. "Tabitha, hii sindano ulishachomwa?"

"Ndiyo, daktari," nikajibu. "Haikunidhuru."

Akanichoma. Sikufika mlangoni. Koo lilibana, mwili ukawasha wote, kisha maumivu yakaniacha. Nikajikuta ndani ya pareto iliyochanua, nyeupe mpaka juu ya kilima, bila ukungu, bila baridi, na miguu yangu haikugusa udongo. Palikuwa pazuri, sitawadanganya. Kwa mbali mtu aliita, "Tabitha! Tabitha, amka!" Nikawaza, si aitike huyo Tabitha. Nikaendelea kutembea polepole.

Dresa alidhani nimezimia kwa homa, maana cheti kilisema dawa hiyo nimeizoea. Ndugu zangu, nilikuwa nakufa na uongo wangu mwenyewe ndio uliomfunga mikono.

Tabitha alikuwa nje, amekaa kwenye benchi, akisikia jina lake likiitwa. Ikijulikana kwamba amenipa cheti chake, kazi yake shambani imekwisha. Ananiambia aliomba tu apewe nguvu za miguu. Akaingia, akasema, "Huyu si Tabitha. Tabitha ni mimi. Huyu ni Rahel, na hiyo dawa inamkataa." Dresa akarukia sindano nyingine, ya kufungua pumzi. Wifi yangu akapiga magoti, akaniita, "Rahel. Rahel, mama Samweli."

Kule kwenye maua nikasikia jina langu, nikageuka. Nikaona mabati ya paa, na uso wake umelowa machozi.

Kichomi chenyewe kiliponywa na vidonge nilivyovidharau. Dawa ni za Mungu, ndugu zangu, lakini ile iliyomwinua jirani yako yaweza kukulaza wewe. Mtumaini Bwana, na ukifika kwa dresa, sema kweli yote, hata ile ya aibu.

Nyapara, msimamizi wa shamba, alimwachisha Tabitha kazi wiki ile ile. Hajanilaumu hata siku moja. Amekaa pale, karibu na dirisha. Tabitha, simama wakuone.